Maombi ya Jumatatu mjini Leipzig

Kila Jumatatu, saa 11 jioni, watu hukutana katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, kuombea amani. Desturi hiyo ilianza tarehe 20 Septemba 1982. Wengi huikumbuka kwa sababu ya mwaka 1989, pale maandamano yaliyoanzia mlangoni mwa kanisa hilo yalipoutikisa utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki. Hata hivyo, waumini walioianzisha hawakukusudia kuiangusha serikali, na kanisa lenyewe halikuwa na kauli moja juu ya yale yaliyokuwa yakitendeka chini ya paa lake. Lililowagawa ni swali la tangu zamani: Mkristo anaposali, je, anamwomba Mungu atende, au anajiandaa yeye mwenyewe kutenda?

Jina la Leipzig si geni kwa Walutheri wa Afrika Mashariki, kwani shirika la misheni la mji huo ndilo lililowatuma wamishonari wake Kilimanjaro mwaka 1893. Lakini chini ya ukomunisti, Wakristo wa mji huo walijikuta wageni kwao. Serikali ilifundisha kwamba hakuna Mungu. Mwaka 1968 ililipua kwa baruti kanisa la kale la chuo kikuu, lililokuwa zima kabisa, ili kupata nafasi ya majengo mapya. Kijana aliyekuwa mwaminifu kwa kanisa mara nyingi alinyimwa nafasi ya masomo ya juu. Pamoja na hayo, kanisa lilibaki kuwa mahali pekee ambapo watu wangeweza kukusanyika bila chama tawala kuwaandalia ajenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hofu ya vita vya nyuklia ilitanda pande zote mbili za Ujerumani. Vijana wa kanisa wakaanza kuvaa nembo ya mtu anayefua upanga uwe jembe, picha iliyotoka katika maneno ya manabii wa Agano la Kale. Polisi waliwaamuru waibandue, ingawa ilichorwa kwa kufuata sanamu ambayo Umoja wa Kisovieti wenyewe uliuzawadia Umoja wa Mataifa mwaka 1959. Ni katika hali hiyo ndipo kundi la vijana wa Leipzig lilipopendekeza kwamba amani iombewe kila wiki, si katika zile siku kumi tu za mwezi Novemba zilizotengwa na makanisa.

Ibada yenyewe haikuwa ndefu. Waliimba, wakasoma Biblia, mmoja akaeleza jambo linalomsumbua yeye au nchi, wakaliombea, wakapokea baraka, wakaenda zao. Kuna Jumatatu ambazo waliokuja hawakufika kumi. Mchungaji Christian Führer, aliyehudumu hapo tangu mwaka 1980, hakuifunga milango kwa sababu ya uchache huo. Mlangoni pakawekwa tangazo kwamba kanisa liko wazi kwa wote, nao hao wote walikuwa ni pamoja na wasioamini na wapelelezi wa Stasi, yaani polisi wa siri.

Mwaka 1988 milango hiyo iliwaingiza watu wa aina nyingine: wale waliokuwa wameomba kibali cha kuhamia Ujerumani Magharibi na kwa sababu hiyo wakafukuzwa kazi au kutengwa. Wengi wao hawakuwa Wakristo. Katika maombi yale yale, mmoja alitaka nguvu za kuondoka na jirani yake akataka nguvu za kubaki. Makundi ya wanaharakati, yaliyoratibiwa na Mchungaji Christoph Wonneberger, yalitaja dhuluma waziwazi. Serikali ikawabana viongozi wa kanisa, na mwezi Agosti mwaka huo Friedrich Magirius, msimamizi wa makanisa mjini, aliyaondolea makundi hayo madaraka ya kuandaa ibada. Alihofu kwamba sala inageuzwa hotuba ya siasa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi: sala inayoelekezwa kwa umati badala ya Mungu hupoteza maana yake. Lakini waliofungiwa kinywa ndani walikwenda kusema nje, katika uwanja ulio mbele ya kanisa. Kwa hiyo uamuzi uliokusudiwa kuilinda ibada ulisaidia kuifikisha barabarani.

Mwezi Septemba 1989 polisi walianza kuwakamata watu mbele ya kanisa. Majina ya waliokamatwa yaliwekwa madirishani pamoja na maua na mishumaa, nao wakaombewa kwa majina. Tarehe 6 Oktoba gazeti la chama mjini lilichapisha barua ya kamanda wa wanamgambo wa viwandani, akitishia kwamba silaha zitatumika ikibidi. Mauaji ya Beijing ya mwezi Juni yalikuwa bado hayajasahaulika.

Jumatatu ya tarehe 9, mamia ya wanachama wa chama tawala waliagizwa kuzijaza nafasi za kanisani mapema mchana. Führer aliwakaribisha, na baadaye alisimulia kwa furaha isiyofichika jinsi watu hao walivyoketi wakasikiliza Heri za Mlimani, maneno ambayo pengine wasingeyasikia maishani mwao. Maombi yalifanyika pia katika makanisa mengine matatu. Humo ulisomwa wito wa watu sita, akiwamo kiongozi wa okestra Kurt Masur na makatibu watatu wa chama, uliowasihi wote wasitumie nguvu. Mmoja wa hao sita, mwanatheolojia, baadaye iligundulika kwamba alikuwa mtoa habari wa Stasi.

Watu takriban 70,000 waliandamana usiku huo. Aliyeshika mshumaa alihitaji mkono wa pili kuukinga na upepo, kama Führer alivyopenda kueleza, hivyo hakubaki na mkono wa kuokotea jiwe. Vikosi havikufyatua risasi. Tarehe 18 Oktoba Erich Honecker aling'olewa madarakani, na tarehe 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Waliotarajia kwamba baada ya hapo Wajerumani Mashariki wangerudi makanisani walivunjika moyo. Umati ulitawanyika, viwanda vikafungwa, na katika miaka ya 1990 wasio na ajira ndio walioombewa Jumatatu kanisani hapo. Führer alistaafu mwaka 2008 na kufariki dunia tarehe 30 Juni 2014. Maombi yangali yakifanyika saa ile ile, aghalabu mbele ya watu wachache.