Sumukuvu na ukuaji wa mtoto

Sumukuvu ni sumu zinazotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zisizokauka vizuri, hatari halisi katika milima yenye mvua nyingi ya Lubero, karibu na Butembo, mashariki mwa Kongo. Aflatoksini, mojawapo ya sumukuvu, humfikia mtoto tumboni, kisha katika maziwa ya mama na uji, nayo hushukiwa kudumaza ukuaji wake. Wengine husema udumavu husababishwa na njaa na kuhara tu. Jaribio la Kenya lililochapishwa 2018 linawaunga mkono kiasi: mahindi safi yalipunguza sumu mwilini, ila mwishoni kimo cha watoto hakikuzidi cha wale wasiopewa. Hata hivyo, sumu hiyo iliua watu 125 Kenya mwaka 2004, tena husababisha saratani ya ini. Punje zenye kuvu zichambuliwe kabla ya kusaga; kuchemsha uji hakuondoi sumu hiyo.