Waevenki: Lugha Iliyotolewa Msituni

Waandishi wengi wanaoeleza kufifia kwa lugha ya Waevenki huanza na ramani. Watu hawa, tunaambiwa, ni wachache na wametawanyika mno: sensa ya Urusi ya mwaka 2010 iliwahesabu takriban 38,000, nao wameenea kutoka mto Yenisei hadi bahari ya Okhotsk, karibu kilomita 3,000, na kutoka Taimyr hadi bonde la Amur na kaskazini-mashariki mwa Uchina. Kwa hesabu hiyo, kufa kwa lugha yao ni jambo la kutarajiwa. Naipinga hoja hii. Waevenki waliishi wametawanyika kwa karne nyingi na lugha yao ikadumu. Ilianza kuvunjika walipokusanywa.

Mtawanyiko huo ulikuwa na kanuni zake. Familia ya taiga ilifuga kulungu wa kaskazini makumi machache tu, tena si kwa ajili ya kuchinja. Nyama ilitoka kwenye uwindaji. Mifugo ilikuwa ya kupanda, kubebea mizigo na kukama. Kwa kuwa mgongo wa mnyama huyu ni dhaifu, tandiko huwekwa juu ya mabega, na mpandaji, asiye na vikuku vya kutilia miguu, hujiinua kwa fimbo akitokea upande wa kulia. Majira ya joto, mbu wanapozidi, familia huwasha mioto ya moshi, na kulungu hurudi kambini kwa hiari yao kujikinga. Ufugaji wa namna hii unadai nafasi. Kambi zikisongamana, kuvumwani wa ardhini, chakula kikuu cha mifugo wakati wa baridi, huisha, na huchukua miaka mingi kuota tena.

Lugha ilisafiri pamoja na kambi. Lahaja zilitofautiana: mwanamke ni *asi* kwa baadhi yao, *ashi* kwa wengine, *ahi* kwa wa kaskazini. Lakini mtu alioa nje ya ukoo wake, na mwindaji alivuka mabonde kufuata wanyama wa manyoya, hivyo masikio yalizoea matamshi ya wengine. Dola ya Kirusi ilipofika katika karne ya 17 na kudai kodi ya manyoya, haikuwa na haja ya kuigusa lugha hiyo. Ilitaka ngozi, na aliyejua kuzipata ni Mwevenki aliyeachwa aishi msituni.

Usovieti ulikuja na nia nyingine, na haki inatudai tuseme kwamba mwanzoni ulileta mema. Desemba 1930 iliundwa Wilaya ya Kitaifa ya Waevenki, na mwaka 1931 lugha yao ikapata alfabeti ya Kilatini, iliyobadilishwa miaka michache baadaye kuwa ya Kisirili. Wataalamu kama Glafira Vasilevich waliifanyia kazi ya maisha yao yote. Lakini mifugo ilifanywa mali ya mashamba ya pamoja, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijiji vidogo vikafungwa ili watu wahamishiwe vikubwa. Wanawake walipewa kazi vijijini, wanaume wakapangwa katika vikosi vya wachungaji, na watoto wakaingizwa katika shule za bweni kwa karibu mwaka mzima. Huo, nionavyo mimi, ndio mkato wenyewe. Kambi iliyobaki na wanaume peke yao haina mtoto wa kurithi maneno ya kazi.

Yako maelezo yanayopingana na picha hii. Alexia Bloch, aliyefanya utafiti katika mji wa Tura, ndani ya wilaya hiyo, miaka ya 1990, alikuta wanawake wa Kievenki wakizikumbuka shule hizo kwa shukrani: ziliwapa elimu, ajira na heshima. Ushuhuda wao ni wa kweli na haufai kupuuzwa. Hata hivyo, elimu hiyo iliwapeleka ofisini, zahanatini na darasani, mahali ambapo kazi ilifanywa kwa Kirusi. Shukrani na hasara zinaweza kukaa katika nyumba moja.

Dini inathibitisha jambo lile lile kwa upande mwingine. Mashamani, wataalamu wa ibada, walisakwa katika miaka ya 1930, ngoma zao zikachukuliwa. Lau imani ya Waevenki ingekuwa mikononi mwa mashamani peke yao, ingekwisha hapo. Lakini sehemu yake kubwa haikuhitaji mtaalamu: mpishi hutupia moto kipande cha mafuta kabla watu hawajala, wawindaji waliomuua dubu walikuwa wakilia kama kunguru wakati wa kumla, ili roho yake isijue muuaji ni nani, kisha mifupa yake ikawekwa juu ya jukwaa mtini. Desturi za namna hii ziliendelea pale watu walipoendelea kuwinda.

Upande wa Uchina ndio mizani nzuri zaidi ya hoja hii. Huko Wasolon, ambao serikali inawaorodhesha kama Waevenki, hufuga farasi na kondoo katika nyika za Hulunbuir. Lugha yao haina maandishi rasmi, lakini ina wazungumzaji wengi kuliko ile ya Urusi, ambako chini ya watu 5,000 walisema mwaka 2010 kwamba wanaijua, licha ya alfabeti, kamusi na vitabu vya shule. Waevenki wa Aoluguya, wafugaji wa kulungu, hawakupata bahati ya Wasolon. Mwaka 2003 walihamishiwa karibu na mji wa Genhe kwa jina la kuhifadhi mazingira. Kulungu waliofungiwa zizini walikosa kuvumwani, baadhi wakafa, na sehemu ya wafugaji wakarudi na waliobaki milimani.

Kwa hiyo swali la lugha hii ni swali la ardhi. Nchini Urusi, Jamhuri ya Sakha ilipitisha mwaka 2008 sheria ya shule za kuhamahama, ambazo mwalimu hufuata kambi badala ya kambi kupokonywa watoto. Ni hatua ninayoiunga mkono kuliko kamusi yoyote mpya. Lakini kusini mwa Sakha reli ya Baikal–Amur na machimbo ya dhahabu yamekata malisho na njia za kuhamia, na wilaya ya Waevenki yenyewe ilimezwa na jimbo la Krasnoyarsk tarehe 1 Januari 2007. Mpaka haki ya wafugaji juu ya njia hizo ilindwe kisheria dhidi ya leseni za uchimbaji, mwalimu huyo hatakuwa na kambi ya kufuata.