Kiherehere kilikuwa cha moyo

Hapa Makupa, ukiinuka kwenye kiti kabla matatu haijafika steji, konda atakwambia, "Punguza kiherehere, dada." Ukiuliza harusi ya jirani ni lini, una kiherehere. Ukijibu swali ambalo mwalimu hajamaliza kuliuliza, kiherehere. Kwa rika langu hili ni tusi dogo la mtu anayejitia kwenye yasiyomhusu, asiyejua kungoja zamu yake. Na mara nyingi anayeambiwa ni msichana.

Sasa fungua kamusi za zamani, kwa mfano ile ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyochapishwa 1939. Humo kiherehere ni cha moyo: hofu, mashaka, moyo kwenda mbio. Yaani neno tunalowatupia watu wa papara lilikuwa jina la kile ambacho siku hizi tunakitaja kwa Kiingereza, ama tunasema tu "nina presha."

Umbo la neno lenyewe linasaidia kueleza. Kiswahili kina maneno kama kizunguzungu na kichefuchefu, ambayo ni mambo ya mwili. Hukujia, hukushika, na hakuna mtu atakayekwambia upunguze kichefuchefu. Atakutafutia ndimu. Kiherehere cha moyo kilikuwa ndugu wa hao. Lakini kuna neno jingine lenye sura hiyohiyo, kimbelembele, lililotoka kwenye "mbele", na hilo si ugonjwa bali ni tabia. Tulipoacha kutamka "cha moyo", kiherehere kikahama nyumba. Kikatoka kwa kina kichefuchefu, kikaenda kukaa na kimbelembele.

Sioni kama ni ajabu. Mtu mwenye hofu hatulii. Anauliza jambo moja mara tatu, anakwenda mlangoni kuchungulia, anaongea kabla hajaulizwa. Jirani haoni moyo wake, anaona miguu. Polepole neno likafuata kile kinachoonekana.

Nafasi iliyobaki wazi ilichukuliwa na wasiwasi, neno la Kiarabu ambalo kila aliyepitia madrasa analijua kutoka Surat An-Naas, sura ya 114 na ya mwisho ya Qurani. Asili yake ni mnong'ono, ule wa Shetani vifuani mwa watu, na sura yenyewe ni kinga: unajilinda kwa Mola. Ni neno zito na limesaidia wengi. Ila haliangalii mahali pamoja na kiherehere. Wasiwasi ni sauti inayokuingia. Kiherehere ni moyo wako mwenyewe unavyopiga. Anayenongonezwa na anayedundwa na moyo huenda hawahitaji dawa moja.

Na mji huu umeujua moyo wa namna hiyo. Makupa ilikuwa kivuko: maji yakitoka, mtu aliweza kutembea kutoka bara hadi kisiwani. Mwaka 1589 Wazimba walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya kivuko hicho. Baharini nako zilikuja merikebu za Wareno kutoka Goa, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, kumfukuza Mturuki Mir Ali Bey. Watu wa kisiwa wakawa katikati. Mwishowe Wazimba walivuka, na wengi wakakimbilia baharini. Fikiria siku za kungojea, kutazama maji yakipwa. Nani angewaambia wale wapunguze kiherehere?

Karibu na hapa, Majengo, kuna msikiti unaoitwa Sakina, na sakina ni utulivu. Novemba 2014 polisi waliuvamia, pamoja na Msikiti Musa, wakakamata watu zaidi ya 200. Mama anayesimama mlangoni usiku, anayepiga simu kwa kila rafiki wa mwanawe, jirani anaweza kumwona ana kiherehere. Anacho kweli, kile cha zamani.

Mwaka nilioacha chuo, nilikuwa nafika nje ya chumba cha mtihani saa nzima kabla. Natembea huku na huku, namuuliza saa kila anayepita. Wenzangu walisema nina kiherehere, wakacheka. Walikuwa sawa kabisa, ila kwa maana ya 1939. Lau wao na mimi tungeijua maana hiyo, labda mmoja angeniuliza moyo unaendaje.

Sidai turudishe Kiswahili nyuma. Maana mpya imeshakaa na inachekesha. Lakini ile ya kwanza haijafa, imeachwa tu bila maneno mawili. Siku hizi mtu akiniambia nina kiherehere, namjibu, "Cha moyo." Wengine hucheka. Wengine hunyamaza kidogo, halafu wanasema hata wao.