Mdomo Uzuiao Mafuta

Msomaji, upatapo nafasi ya kuinama nyuma ya pikapu ya kazi, ile ibebayo kabichi asubuhi na saruji jioni, litazame gurudumu la nyuma kwa upande wa ndani. Ukiona pamekauka na pana vumbi, mahali hapo ni pazima. Ukiona weusi ung'aao unaoteremka juu ya tairi, na harufu kali kama ya kiberiti ikikupiga puani, ujue ya kuwa mafuta ya difu yametoroka. Mlinzi aliyeyaachia njia ni pete ndogo iitwayo sili, ambayo bei yake si kitu mbele ya bei ya gari. Historia yake haisimuliwi sana, nayo yastahili kusimuliwa.

Tangu watu walipoanza kukokota mizigo kwa magurudumu, walipaka ekseli zao mafuta ya wanyama, na mafuta hayo yalidondoka njiani. Hapakuwa na hasara kubwa. Mkokoteni ulikwenda polepole, na mwenye ng'ombe aliweza kusimama akapaka tena. Taabu ilizidi injini ilipokuja. Vyuma vilizunguka upesi ndani ya masanduku yenye mafuta, na kila shafti iliyotokeza nje ya sanduku ilihitaji tundu. Tundu likibana mno, shafti haizunguki vema. Likilegea, mafuta yanatoka.

Tarehe 15 Aprili 1925 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa Model T yenye sanduku la mizigo nyuma, kwa bei ya dola 281. Hiyo ndiyo pikapu ya kwanza ya Ford iliyotoka kiwandani ikiwa kamili. Katika ekseli yake ya nyuma mafuta yalizuiliwa kwa pete za sufu iliyoshindiliwa. Sufu hunywa mafuta, na ikisha kushiba huyapitisha. Kwa hiyo gari hilo lilijulikana kwa kulowesha magurudumu yake. Bahati yake ni kwamba breki ya mguu haikuwa gurudumuni. Ilikuwa ukanda uliobana dramu ndani ya giaboksi, ukioga mafuta kwa makusudi. Breki za magurudumu ya nyuma zilikuwa za mkono tu. Lakini Model A, iliyotokea Desemba 1927, ilipeleka breki ya mguu katika magurudumu yote manne. Hapo tone lililokuwa uchafu tu likageuka kuwa hatari, maana lainingi ya breki iliyolowa mafuta haishiki dramu. Waandishi wa habari za magari hupenda mno kusifu nguvu za injini. Mimi naona badiliko hili la breki liligusa maisha ya watu zaidi.

Nani basi aliyeleta dawa? Hakuwa mhunzi, bali mtengenezaji wa ngozi. Mjini Chicago ilikuwako kampuni ya Chicago Rawhide, iliyoanzishwa mwaka 1878, ambayo kazi yake ilikuwa mikanda ya ngozi ya kuendeshea mitambo. Huko Weinheim, Ujerumani, kiwanda cha Carl Freudenberg kilikuwa kikitengeneza ngozi tangu 1849. Wote wawili waliingia katika kazi ya sili. Freudenberg walianza mwaka 1929, mwaka ule ule soko la hisa la New York lilipoporomoka, na biashara ya ngozi ikawa mashakani. Ngozi iliyoshiba nta hupindika bila kuvunjika na huikumbatia shafti, jambo ambalo sufu haiwezi. Katika miaka ya 1930 mhandisi wao, Walther Simmer, aliifunga ngozi ndani ya pete ya chuma na kuizungushia springi nyembamba, ili mdomo wake uzidi kubana hata unapochakaa. Wajerumani hata leo huita chombo hicho Simmerring.

Huenda wauliza kwa nini hawakutumia mpira tangu mwanzo. Mpira utokao mtini ukiguswa na mafuta ya mitambo huvimba na kulegea. Ngozi nayo hukakamaa katika joto kali. Ilibidi wakemia wa Ujerumani watengeneze mpira wa namna nyingine usioharibiwa na mafuta, nao ukaanza kuingizwa katika sili mwaka 1936. Tena mwaka 1957, huko Uingereza, mtafiti E. T. Jagger alionyesha jambo geni: mdomo wa sili njema hauisugui shafti kavukavu, bali huelea juu ya utando wa mafuta mwembamba sana, wa kupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Sili huzuia mafuta kwa msaada wa mafuta yenyewe.

Hapa kwetu jambo hili hupimwa kwenye mteremko wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, katika barabara iliyojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Pikapu za Peugeot 404 zilishuka hapo zikiwa zimejaa, na baadaye Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1968. Dereva akanyagapo breki, gurudumu kavu hushika na lililolowa huteleza. Gari huvutwa upande mmoja, na huenda upande huo ndio wenye genge.

Fundi mwema, kabla ya kununua sili mpya, hutazama kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikizibwa na matope, hewa ya ndani ikipata joto hutanuka na kuyasukuma mafuta nje, na sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Huishika shafti na kuitikisa, kwa sababu beringi iliyolegea huifanya shafti iyumbe, na mdomo hauwezi kuifuata. Ndipo aing'oe sili kuukuu bila kukwaruza chuma, aupake mdomo mpya mafuta, auelekeze ule upande wenye springi kwenye mafuta, na kuigonga pole kwa pole kwa bomba lenye upana wake ili iingie sawasawa. Lainingi zilizolowa huzitupa. Kuziosha kwa petroli ni kujidanganya, maana mafuta yamekwisha ingia ndani yake.

Mwisho hupitisha ukucha juu ya shafti, pale mdomo ulipokuwa ukikaa. Mpira ni laini na chuma ni kigumu, lakini vumbi linaswalo mdomoni hukikereza chuma kwa miaka mingi hata kikafanya mfereji. Ukucha ukinasa, sili mpya haitafaa mahali pale pale. Palipo na nafasi, fundi huiingiza pungufu kidogo au kuizidisha kidogo, ili mdomo upate njia ambayo haijaliwa. Pasipo na nafasi, huivalisha shafti ala nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, yenye unene wa robo ya milimita na kitu, na mdomo huanza kazi juu ya ala hiyo.