Kapenguria

Kapenguria ni mji mdogo wa nyanda za juu kaskazini-magharibi mwa Kenya, na ndio makao makuu ya Kaunti ya Pokot Magharibi. Uko kaskazini mwa Kitale, mwendo wa kama kilomita 40 kwa barabara, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,000. Hewa yake ni ya baridi na mashamba ya mahindi yameuzunguka. Ukiuacha mji na kuteremka kuelekea kaskazini, ardhi hukauka upesi ukaingia nchi ya wafugaji. Wapokot wa milimani ni wakulima, wa tambarareni hufuata ng'ombe na mbuzi wao.

Mji ulianza kama boma la serikali ya kikoloni. Wilaya yake wakati huo iliitwa Suk Magharibi, jina ambalo wenyeji hawakujiita, na ofisi zake zilikuwa Kacheliba, bondeni, kabla ya kuhamishiwa Kapenguria. Ilikuwa wilaya iliyofungwa: mgeni hakuingia bila kibali.

Ndiyo sababu Kapenguria ikachaguliwa kuwa mahali pa kesi mwaka 1952. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba serikali iliwakamata viongozi wa chama cha Kenya African Union, na sita kati yao, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba, wakashtakiwa kwa kuongoza Mau Mau, vuguvugu la kupinga ukoloni. Kesi ingesikilizwa Nairobi, umati ungejaa mahakamani. Kapenguria haikuwa na reli wala hoteli. Darasa la shule ya kilimo liligeuzwa chumba cha mahakama, na mawakili wakawa wanalala Kitale na kupanda mlima kila asubuhi.

Walikuwa mawakili wa kila pembe: D. N. Pritt kutoka Uingereza, Dudley Thompson wa Jamaika, H. O. Davies wa Nijeria, Chaman Lall wa India, pamoja na Fitz de Souza na Achhroo Kapila wa Kenya yenyewe. Hakimu, Ransley Thacker, alisikiliza bila baraza la wazee wa mahakama. Mkalimani wa Kikuyu alikuwa Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale, hadi alipojiondoa baada ya upande wa utetezi kulalamikia kazi yake. Pritt naye alishtakiwa kwa kuidharau mahakama kwa sababu ya simu ya maandishi aliyopeleka London, akaachiwa.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa miaka 7 jela na kazi ngumu. Kisha mahali penyewe pakazua utata. Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilihesabiwa katika Mkoa wa Bonde la Ufa. Mahakama Kuu ikaifuta hukumu kwa hoja hiyo Julai 1953. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikairudisha. Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachiwa, kwani aliwekwa kizuizini hapo hapo. Mwaka 1958 shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikula kiapo kwamba alisema uongo kortini, na yeye ndiye aliyefungwa, kwa kiapo hicho cha pili.

Baada ya uhuru sita hao walitawanyika: Kenyatta aliongoza nchi, Kaggia akagombana naye na kutoka serikalini, Karumba akatoweka Uganda mwaka 1974 alikokwenda kwa biashara. Vyumba walimofungiwa vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Kapenguria, yaliyofunguliwa mwaka 1993, ambayo pia huonyesha maisha ya Wapokot na jirani zao wa milima ya Cherangani.

Kesi hiyo imelipa jina la Kapenguria ukubwa ambao mji wenyewe haukuupata. Barabara kuu ya Kitale hadi Lodwar haipiti kwenye ofisi zake, bali Makutano, kilomita chache kutoka bomani, na huko ndiko kwenye maduka, benki, soko na steji ya matatu. Mtu wa Lodwar anayeshuka Makutano aghalabu hana haja ya kufika Kapenguria, isipokuwa ana kesi, mgonjwa hospitalini au karatasi ya kugongwa muhuri.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, chini ya gavana wa kwanza Simon Kachapin, ofisi ziliongezeka na miji hii miwili ikazidi kukaribiana kwa majengo.