Usiku wa Köln na piano isiyofaa

The Köln Concert ni albamu ya piano pekee ya Keith Jarrett, mpiga jazi wa Marekani aliyezaliwa Allentown, Pennsylvania, mwaka 1945. Ilirekodiwa mbele ya hadhira katika jumba la opera la mjini Köln, Ujerumani Magharibi, usiku wa tarehe 24 Januari 1975, na kampuni ya ECM ya München ikaitoa mwaka huohuo kwa santuri mbili. Takriban muziki wote ulibuniwa papo hapo jukwaani. Kipande cha mwisho ndicho pekee alichokuja nacho Jarrett kichwani.

Upigaji huo haukuanzia Köln. Jarrett alikwishapita katika bendi za Art Blakey, Charles Lloyd na Miles Davis, na mwaka 1971 akarekodi albamu ya piano pekee, Facing You, studioni mjini Oslo. Mwaka 1973 matamasha yake ya Bremen na Lausanne yalijaza santuri tatu.

Mwandaaji wa tamasha la Köln, Vera Brandes, alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Jukwaa lilikuwa na opera jioni ile, hivyo Jarrett alipangiwa saa 5:30 usiku. Alifika kwa gari dogo la Renault akitokea Uswisi, pamoja na mtayarishaji wake Manfred Eicher. Alikuwa hajalala vya kutosha na mgongo ukimuuma. Alikuwa ameomba Bösendorfer Imperial, piano kubwa yenye vitufe 97. Aliyoikuta ni ndogo, ya mazoezi, ambayo nyuzi zake zilikuwa zimepotoka. Sauti za juu zililia kama bati, besi haikuwa na nguvu, na pedali hazikufanya kazi sawasawa. Jarrett akakataa kupiga. Brandes alimbembeleza, fundi akashinda akihangaika na nyuzi, na kwa kuwa vyombo vya kurekodia vilikwishafungwa, mwanamuziki akakubali.

Ukumbi wenye watu wapatao 1,400 ulijaa. Noti za kwanza zinafanana na kengele ya jumba lile ya kuwaita watu vitini, na kwenye rekodi kicheko kidogo kinasikika. Kisha piano inatulia katikati ya vitufe, mahali ambapo sauti yake ilivumilika. Sehemu ya kwanza ina dakika 26, na kwa muda mrefu mkono wa kushoto unazunguka juu ya kodi mbili tu, A ndogo na G kubwa, ukirudia mdundo uleule ili kuziba pengo la besi, huku mkono wa kulia ukitafuta njia. Jarrett mwenyewe anaguna na kugonga sakafu kwa mguu. Wapo wasikilizaji ambao kelele hizo huwakera mpaka leo.

Kisa cha piano mbovu kimesimuliwa mno, hata ikaonekana kana kwamba ubovu ndio uliotunga muziki. Kinaeleza kwa nini albamu hii ina sauti nyembamba na ya kujirudia, lakini hakielezi ufundi. Mizunguko ya mkono wa kushoto na harufu ya nyimbo za kanisani tayari zimo katika rekodi za Bremen na Lausanne.

Hata mgawanyo wa albamu una sababu ya kawaida: upande mmoja wa santuri haukuweza kubeba sehemu yote ya pili, ikabidi ikatwe. Nakala zilizouzwa zimepita milioni 3.5, kiasi ambacho albamu ya piano pekee haikutarajiwa kukifikia. Jarrett aliombwa kwa miaka mingi aruhusu muziki huo uandikwe kwa noti, naye akakataa, akiona kuwa kilichozuka usiku mmoja hakikukusudiwa kurudiwa. Hatimaye kitabu cha noti kilichapishwa mwaka 1991 na kampuni ya Schott, lakini kwa sharti lake: noti zinapotofautiana na rekodi, mpiga piano afuate rekodi.