Mtihani wa Alama 2,025

Kwa miezi mitatu mama yangu aliamini nimepata mchumba Pune. Kila aliponipigia simu jioni alinisikia nikimwitikia mtu mlangoni: "Ho, Dada! Nakuja, Dada!" Siku moja uvumilivu ukamshinda. "Mwanangu, huyo dada ni nani, na mbona kila siku yuko hapo?"

Nikageuza kamera. Dada alikuwa na ndevu, miwani, umri wa miaka 31, na kitabu cha jiografia ya Maharashtra mkononi. Kwa Kimarathi, dada ni kaka mkubwa. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alipotulia akauliza: "Ana miaka 31 na bado anasomea mtihani? Mtihani gani huo usioisha?"

Sikuwa na jibu fupi. Nilikuwa nimefika India Agosti 2022 kusoma shahada ya uzamili ya historia, bila mada ya tasnifu. Swali la mama ndilo lililonipa mada.

Mtihani wenyewe unaitwa Rajyaseva, yaani utumishi wa jimbo. Unaendeshwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya Maharashtra, ambayo kila mtu Pune anaiita kwa herufi zake za Kiingereza, MPSC. Ibara ya 315 ya Katiba ya India inataka kuwe na tume ya namna hii kwa ajili ya Muungano na kwa kila jimbo. Anayefaulu vizuri anakuwa naibu kolekta, naibu mrakibu wa polisi au tehsildar. Tehsildar ndiye mtu ambaye mkulima humfuata na kofia mkononi anapotaka hati ya shamba lake irekebishwe. Baba yake Dada analima pamba na soya Marathwada, upande wa jimbo unaopigwa na ukame mara kwa mara. Amewahi kusimama mbele ya meza hiyo mara nyingi. Familia ikaamua kwamba mmoja wao akae upande wa pili wa meza.

Chumba cha Dada kilikuwa juu ya changu, Sadashiv Peth, mtaa wa zamani katikati ya jiji. Lakini alikuwa analala tu pale. Maisha yake yalikuwa kwenye abhyasika, chumba cha kusomea kinacholipiwa kwa mwezi. Aliwahi kunipeleka. Ni ukumbi mmoja uliokatwakatwa kwa mbao, kila mtu na kijimeza chake kipana kama dirisha la kukatia tiketi, taa moja, soketi moja. Ukutani watu wamebandika ramani za mito, picha ya Ambedkar, ratiba zilizoandikwa kwa kalamu za rangi tatu. Hakuna anayezungumza. Mlango ukilia, vichwa arobaini vinainuka na kuinama tena.

Wanachosoma kimeandikwa kwenye muhtasari ambao Dada anaujua kwa moyo kama watu wanavyojua dua. Kwanza kuna mchujo, karatasi mbili kwa siku moja, kila moja ya alama 200 na saa mbili. Karatasi ya kwanza ina maswali 100: habari za karibuni, historia ya India na hasa ya Maharashtra, jiografia, katiba na utawala, uchumi, mazingira, sayansi. Ya pili ina maswali 80 ya ufahamu, mantiki na hesabu, na siku hizi ukipata asilimia 33 inatosha. Alama za mchujo hazihesabiwi mwishoni. Kazi yake ni kufungua mlango au kuufunga. Baada yake unakuja mtihani mkuu, kisha usaili.

Mtihani mkuu ambao Dada alikuwa ameusomea kwa miaka minne ulikuwa na karatasi sita na alama 800. Moja tu ilikuwa ya kuandika, insha na tafsiri kwa Kimarathi na Kiingereza. Tano zilizobaki zilikuwa za kuchagua jibu. Unasiliba kiduara, mashine inasoma, na ukikosea unakatwa.

Hapo tulielewana haraka. Mimi ni wa watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2012, mwaka ambao fomu za kusiliba zilipoingia. Nakumbuka mwalimu wetu akipita katikati ya madawati na kutuonya kwamba mashine haina huruma: ukitoka nje ya duara, umejikosesha. Dada alicheka nilipomsimulia. "Ni kweli haina huruma," akasema. "Lakini pia haijui baba yangu ni nani."

Nilidhani ni mzaha. Kisha nikaanza kusoma nyaraka, nikaelewa kwamba hiyo ndiyo hoja nzima.

Kabla ya mtihani, nafasi za kuitawala India zilikuwa za kupewa. Wakurugenzi wa Kampuni ya Mashariki ya India waliteua watoto wa ndugu na marafiki, wakawapitisha chuo cha Haileybury, wakawapakia melini. Mwaka 1853 bunge la Uingereza likafuta uteuzi huo, na mwaka 1854 kamati iliyoongozwa na Macaulay ikaandika jinsi ya kushindanisha vijana. Mtihani wa kwanza ulifanyika London mwaka 1855. Kwa maneno, ulikuwa wazi kwa raia wote wa Malkia, Mhindi sawa na Mwingereza.

Lakini nilipofika kwenye jedwali la alama lililopendekezwa na kamati, nilisimama. Jumla ni 6,875. Kigiriki cha kale kina 750. Kilatini 750. Kisanskriti 375. Kiarabu 375. Hao walikuwa wanatafuta watu wa kwenda kutawala India, na lugha ya kale ya India ikapewa nusu ya thamani ya lugha ya Roma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mhindi asiingie, na haikuwa lazima kuandika. Muhtasari ulitosha.

Zikaongezwa na bahari na umri. Mtihani ulikuwa London tu, kwa hiyo familia ya Calcutta ililazimika kwanza kulipia meli na miaka ya kuishi ugenini, bila uhakika wowote. Na kikomo cha umri, kilichoanza miaka 23, kilishushwa hadi 21 mwaka 1866 na 19 mwaka 1878. Satyendranath Tagore alikuwa Mhindi wa kwanza kufaulu, mwaka 1863. Surendranath Banerjee alifaulu mwaka 1869, kisha jina lake likaondolewa kwa madai kwamba amezidi umri. Alijitetea kwamba kwa desturi ya kwao umri hauhesabiwi kama wanavyohesabu Waingereza, akapeleka kesi mahakamani, akarudishwa.

Nilimsomea Dada kisa hicho jioni moja tukinywa chai kwenye kibanda cha chini. Alinyamaza kidogo. Kikomo cha Maharashtra ni miaka 38 kwa kundi la jumla na 43 kwa makundi yenye nafasi maalumu, kwa hiyo yeye bado alikuwa na muda. Lakini kila mtu pale abhyasika anajua umri wake kwa miaka, miezi na siku, kama mgonjwa anavyojua dozi yake.

Kudai mtihani ufanyike India pia kulikuwa kati ya maazimio ya mkutano wa kwanza kabisa wa Indian National Congress, mwaka 1885. Bunge la Uingereza likapitisha azimio la kuunga mkono mwaka 1893, na serikali ikaliacha likae. Mtihani ulifanyika kwa mara ya kwanza katika ardhi ya India mwaka 1922, mjini Allahabad. Kutoka London hadi Allahabad ilichukua miaka 67.

Nikiwa kwenye nyaraka hizo nilijikuta nikiuliza kuhusu kwetu. Maofisa wa utawala waliopelekwa Tanganyika hawakushindanishwa kwa mtihani. Makoloni ya Afrika yalipata watu wake kwa barua za mapendekezo na mahojiano, kazi iliyosimamiwa kwa miongo mingi na mtu mmoja wa Wizara ya Makoloni, Ralph Furse. Walitazamwa walivyokaa, walivyojibu, shule waliyotoka. Mtihani wa Kiswahili ulikuja baadaye, wakiwa tayari kazini. Kwa hiyo dola moja ilikuwa na milango miwili, mmoja wa karatasi na mmoja wa kutazamwa usoni. Nilipomweleza Dada, aliona mlango wa karatasi ni bora, hata ukiwa na Kigiriki ndani yake. "Kigiriki unaweza kujifunza," alisema. "Sura ya baba yako huwezi."

India huru iliuchukua mlango huo wa karatasi ikabadilisha kilicho ndani. Kigiriki kikatoka. Kwenye muhtasari wa Maharashtra wakaingia watu kama Jyotirao na Savitribai Phule, waliofungua shule ya wasichana hapa hapa Pune mwaka 1848, kwenye nyumba iitwayo Bhide Wada. Ukitoka hapo, ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Appa Balwant Chowk, ambako Dada hununua vitabu vya mitumba. Mwaka 1882 Phule aliiambia Tume ya Hunter kwamba kodi ya wakulima inasomesha watu wa matabaka ya juu huku watoto wa wakulima wenyewe wakikosa shule za msingi. Sasa ushahidi huo ni sehemu ya kusomea mtihani. Mtoto wa mkulima anaukariri ili aje kuwa tehsildar. Sijui kama Phule angecheka au angelia.

Katikati ya 2022, wiki chache kabla sijafika, tume ilitangaza kwamba mtihani mkuu utabadilika kuanzia 2023. Karatasi zitakuwa tisa, zote za kuandika kwa mkono. Mbili za lugha ni za kufaulu tu. Saba zinahesabiwa, kila moja alama 250: insha, maarifa ya jumla nne, na somo la hiari karatasi mbili. Jumla 1,750. Ukiongeza 275 za usaili unapata 2,025. Ni muundo ule ule wa mtihani wa Muungano.

Abhyasika ikagawanyika. Msichana aliyekaa kijimeza cha jirani na Dada alifurahi waziwazi. Alikuwa anasomea mtihani wa Muungano pia, ambao kwa kundi la jumla unafungwa ukifika miaka 32. Sasa jasho moja lingemfaa mara mbili. Alisema pia kwamba ofisa anayeshindwa kupanga hoja kwenye karatasi hafai kupewa wilaya. Sikuweza kumpinga.

Dada hakupinga hoja hiyo. Alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Maswali ya kuchagua unajisahihisha mwenyewe. Unanunua karatasi za miaka ya nyuma, unafunika majibu, unasiliba, unafunua, unajua ulipoanguka. Insha haijisahihishi. Inahitaji mtu aliyekuzidi aisome, akwambie aya ya pili haina hoja, uandike tena. Mtu huyo ni wa tuisheni, na ana bei. "Miaka minne nimekuwa mwalimu wangu mwenyewe," alisema. "Sasa wananiambia nimuajiri mwingine, ndani ya mwaka mmoja."

Januari na Februari 2023 watahiniwa walijaa barabarani. Nilikwenda naye Alka Chowk usiku mmoja. Nilitegemea vurugu, nikakuta maelfu ya watu wamekaa chini, wengine wakisoma kwa mwanga wa simu. Hawakuwa wanadai mtihani urahisishwe. Walidai muda: muundo mpya uanze 2025. Tarehe 23 Februari tume ikatangaza kwamba utaanza 2025. Watu wakakumbatiana. Dada akanunua jalebi, akapeleka kipande hadi kwa yule msichana, naye akakila bila kusema neno. Ushindi wa mmoja ulikuwa miaka miwili ya mwenzake.

Hilo ndilo nililoweka kwenye tasnifu, kwa lugha ndefu zaidi na tanbihi nyingi. Hakuna muundo wa mtihani usio na upande. Kila unapohamishwa, kutoka London kuja Allahabad, kutoka Kigiriki kwenda Kimarathi, kutoka kiduara kwenda aya, kuna miaka ya mtu inayopanda thamani na miaka ya mtu inayogeuka hewa. Haimaanishi usihamishwe. Ni haki tu wanaouhamisha waijue bei, na nani anailipa.

Dada alijaribu mara ya mwisho kwa muundo wa zamani, akaukosa usaili kwa alama chache. Sasa tuko 2024, yeye ana miaka 33, na mimi namalizia muhula wa mwisho. Jioni anagonga mlango wangu akiwa na karatasi za mistari na ananipa simu yake nimhesabie dakika. Hana hela ya mtu wa kumsahihisha, na mimi Kimarathi cha kuandikwa sikisomi. Naweza kumwambia tu kwamba muda umekwisha.

Wiki za kwanza mkono ulimuuma. Miaka yote ya kusiliba ilikuwa imevisahaulisha vidole kazi ya kuandika. Kwenye dakika ya arobaini alikuwa anaweka kalamu chini, anakunja ngumi na kuikunjua, kisha anaendelea. Juzi hakuiweka chini. Aliandika hadi niliposema basi, akahesabu kurasa, akanitazama.

Mama alikuwa kwenye simu, amesikiliza ukimya wote ule. "Mwulize Dada," akasema, "leo ameandika nini?"

Nikamwuliza. Insha ilikuwa juu ya maji.